Mama Mwanafunzi

Afisa ustawi wa jamii alirudi chuoni kusomea shahada ya uzamili, akamwacha bintiye kwa bibi. Darasani walifundishwa kumsikiliza mteja bila kumkatiza, kisha kumtajia hisia zake. Akaiva kwelikweli.

Jumapili alimpigia bintiye simu.

"Mama, bibi akinisuka anavuta kama anang'oa magugu!"

"Naona unajihisi mpweke," akajibu kwa upole wa mazoezini.

"Aa, mama! Mimi si mteja wako. Ongea kama zamani."

Akaitafuta sauti ya zamani, ile ya kumfokea akaoge na kumtania mapengo, isije.

"Mwanangu, nina hamu na wewe mpaka naumwa."

"Njoo basi."

Mafunzo kwa vitendo yalikuwa ndiyo kwanza yameanza, na ruhusa ya kwenda nyumbani haikuwepo. Akabaki akimsikiliza bintiye akipumua, asithubutu kukata simu.