Kikombe Mlangoni mwa Kadzo

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka huinamisha uso hata nikiwa peke yangu chumbani. Jana ilinirudia tena, ulipokaa hapo kwenye mkeka ukanisomea karatasi yenu. Mwasema nyinyi wenzi kumi na wawili mmepata shamba huko juu ya Kaloleni, mwataka kuuhama mji mkaishi pamoja, hakuna bwana wala mtwana, hakuna wa kuamuru wala wa kutumwa. Chungu kimoja, kazi kwa zamu, na neno haliwi neno mpaka wote wamekubali. Ulisoma kwa sauti nzuri. Ulipomaliza ukanitazama, ukingoja nicheke kama walivyocheka wajomba zako. Sikucheka. Nilikwambia naumwa na kichwa, urudi kesho. Kichwa kilikuwa kizima.

Basi leo kaa nikwambie. Haya mnayoyataka nami niliyafanya, kabla mama yako hajazaliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeachwa na mume, nimerudi kwa shangazi yangu aliyenilea, katika nyumba hii hii, uchochoro wa pili ukitoka Ndia Kuu. Mchana nauza kanga kwenye duka la watu Biashara Street. Nikirudi naulizwa nilipita wapi na nilisema na nani. Nilichoka kuwa na watu juu ya kichwa changu. Huko sokoni Marikiti nilijuana na Kadzo, binti wa Kigiriama, muuza nazi. Kadzo alikuwa akigonga kila nazi kwa kucha, akasikiliza, na iliyoharibika akaiweka kando mwenyewe kabla hujamwambia kitu. Nilimpenda kwa hilo tu. Mteja wake mwingine alikuwa Wafula, mtu wa bara, Mkristo, fundi wa reli, mwenye domo la kupinga kila kitu. Tukawa twasimama pale watatu, twalalamikia mabwana zetu. Siku moja Kadzo akasema, "Kulalamika hakuoti. Baba ana shamba njia ya Kaloleni, nusu yake pori. Nikimwomba atatupa tulime."

Akamwomba, akapewa. Likumbuke hilo, mwanangu, maana mimi nililisahau: shamba lilikuwa la kina Kadzo.

Tulifika tisa, kila mtu na kijumba chake cha udongo na makuti. Nasi tulikuwa na kanuni zetu, hiyo ya kukubaliana wote ikiwemo, na moja niliitunga mimi, nikajivunia kama mtu aliyezaa pacha. Wajua desturi yetu: kabla ya kula, mtu hupita na beseni na maji akawanawisha walioketi. Na wajua pia apitaye ni nani. Ni mdogo wa nyumba, au mtumishi. Nikasema, kwetu sisi atanawisha kila mtu kwa siku yake, na siku hiyo ndiye atakayeteka maji na kupika na kufagia. Palikuwa na kikombe cha bati cha kunawishia, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Kitatundikwa kwenye msumari mlangoni mwa mwenye zamu, na asubuhi anayefuata atakwenda mwenyewe kukichukua. Haitwi, hakumbushwi. Atabisha hodi, aseme, "Lete, leo ni mimi."

Miezi minane kikombe kile kilizunguka milango tisa bila kukosa. Wafula alipopika wali mara ya kwanza tuliula kwa adabu tu, lakini alipika. Zamu yangu mimi ilikuwa baada ya Kadzo.

Kisha shangazi akaleta salamu. "Mwambieni Zuhura naja kuona kwa macho yangu. Nikiona hapana heshima, twarudi pamoja." Shangazi hakuwa mtu wa kubishana naye, na akininyima radhi nisingethubutu kubaki hata siku moja zaidi.

Akaja siku ya Alhamisi na buibui lake jipya na kapu la mikate ya sinia. Tukamtandikia mkeka, tukakaa naye. Siku hiyo kikombe kilikuwa kwa Kadzo. Akaja na beseni, akapiga magoti mbele ya shangazi, akaanza kumnawisha, miguu yake ina vumbi la shamba. Shangazi akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu ni nani?"

Jibu lilikuwa rahisi. Huyu ni Kadzo, mwenye shamba, rafiki yangu. Lakini papo hapo nilimwona Kadzo kwa macho ya mji. Nikaziona nyumba zote za mtaani kwetu, ambamo binti wa Kigiriama akionekana ameshika beseni hakuna anayeuliza kwa nini. Nikaona jibu la kweli litazua maswali, na maswali yatanirudisha Ndia Kuu.

Nikasema, "Huyu ni msichana wetu wa kazi, shangazi."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Maji yalikuwa bado yakimiminika. Kadzo hakuinua uso. Mkono wake ulisita kidogo, kisha ukaendelea mpaka vidole vyote vya shangazi vikawa safi. Wafula alinikodolea macho, na wengine wakatazama mkeka. Kumbe ile kanuni yetu ya kukubaliana wote haikuhitaji hata kufungua kinywa.

"Yuwala na nyinyi?" shangazi akauliza.

"Hula jikoni," nikasema. Uongo wa kwanza ulikuwa na njaa, ukataka mwenzake.

Na Kadzo akala jikoni, katika ardhi ya baba yake.

Shangazi alikaa siku tatu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu jembe tulimpa Kadzo, na ufagio, na mtungi. Kikombe hakikutoka mlangoni mwake, kwani ningekichukuaje mbele ya shangazi? Siku ya kuondoka shangazi akanishika kichwa akasema pana heshima, amenipa radhi, nibaki. Akamwita Kadzo, akampa kanga yake moja aliyokwisha kuivaa sana, kama tuwapavyo wanaotutumikia. "Shika mwanangu, watumika vyema."

"Ahsante, bibi," Kadzo akasema, akaipokea kwa mikono miwili.

Sasa nisikilize vizuri, maana watu hudhani aibu yangu ni lile neno nililosema mkekani. Lile ni dogo. Neno la hofu humtoka mtu yeyote, na lingeweza kufutwa kesho yake.

Shangazi alipokwisha kuondoka, kesho yake niliamka mapema, nikajifunga leso, nikatoka kwenda kukichukua kikombe. Kutoka kwangu hadi kwake hazikuwa hatua arubaini. Nilikiona kikining'inia. Nikafikiri: nitabisha hodi, Kadzo atafungua, atanitazama. Nitasema nini? Nikageuka. Nikajiambia, nitakwenda kesho, moyo wake utakuwa umepoa. Haukuwa uvivu, mwanangu. Wallahi ningeteka maji ya watu mia, mradi nisitazamwe na yule mmoja. Kesho ikawa kesho kutwa. Na wenzetu wote waliokuwa nyuma yangu wakawa wanangoja. "Zamu ya Zuhura haijapita," walisema, na mwenye kungoja zamu yake ya kufagia hana haraka.

Basi Kadzo akawa anateka, anapika, anafagia, ananawisha. Hapakukaliwa kikao, hapakuandikwa kanuni. Siku moja mtu akaita kutoka mbali, "Kadzo, maji!" Sikuwa mimi wa kwanza. Lakini wiki ile ile nami niliita, na sauti yangu ilitoka vizuri kabisa, kama iliyozoea.

Mvua zikaja, zikapita. Wafula alilileta jambo hilo kikaoni siku moja. "Zuhura, hiki kikombe kimeota mizizi? Hii si haki, na wewe unajua." Nikamjibu, "Mwenyewe hajalalamika." Neno hilo, mwanangu, siku litakapokutoka kinywani, jua umekwisha kuwa bwana, hata kama mwalala kwenye mkeka mmoja. Kadzo alikuwapo pale pale, amepakata beseni. Akainuka akaenda kuchochea moto.

Wafula akafunga mzigo wake, akaondoka. Alipofika mjini alipita hapa kwa shangazi, akamweleza yote.

Siku ya tatu shangazi akatokea shambani bila salamu. Nilimkimbilia, "Shikamoo, shangazi." Alinipita kama apitavyo nguzo. Akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni mwa Kadzo, akavua viatu nje.

"Hodi, mwenye nyumba."

Kadzo akatoka, mikono ina unga. Shangazi akampa doti mpya ya kanga, bado imekunjwa ya dukani, na kifurushi cha halua. "Mwanangu, nimelala kwako siku tatu. Nimekula chakula chako, nimenawa maji yako, nami nikaenda zangu pasi na kukuaga. Sijafunzwa hivyo. Nimekuya kukuaga, na kukutaka radhi."

Kisha akanigeukia. Sauti hakuipandisha, na hilo ndilo lililonimaliza. "Wachelea ningekasirika? Labda ningekasirika. Ningenuna siku mbili, kisha ningezoea, mimi ni mtu kama watu. Lakini weye hukunipa hata nafasi hiyo. Umenifanya nimpe mwenye shamba nguo kuukuu, naye akaniambia ahsante." Akakiona kikombe msumarini. "Na hiki ni cha nani?"

Kadzo akajibu, "Ni cha Zuhura, bibi. Ni zamu yake."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyokuja." Halafu akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, wala hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo! "Nilikuwa nakungoja, Zuhura. Kila asubuhi naamka kabla ya jogoo, nakaa nyuma ya mlango. Nilisikia nyayo zako siku ile ya kwanza. Nikasema amekuja. Kisha nikazisikia zinarudi."

Kikombe kilikuwa karibu nami, ningenyoosha mkono tu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini mimi sikuchutama, nilikimbia. Niliingia kwangu, nikafunga kitita changu, nikamfuata shangazi hadi njia ya gari, wala sikugeuka. Kufika msimu wa korosho wale wengine nao walikuwa wametawanyika. Wengine husema ni ukame uliotuvunja. Wacha waseme.

Kadzo yuko hai. Mwaka juzi nilimwona Marikiti, ameketi na wajukuu zake, bado anagonga nazi kwa kucha na kutega sikio. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nilijibanza nyuma ya mikungu ya ndizi mpaka hamali mmoja akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu?" Nikamwambia sikupoteza.

Ndiyo sababu, mwanangu, jana nilisingizia kichwa. Karatasi yenu ni nzuri, nzuri kuliko ilivyokuwa yetu. Lakini usawa haukai kwenye karatasi, wala kwenye sinia moja. Wakati hakuna anayewatazama, nyote mtakuwa sawa, hilo halina kazi. Ngojeni aje mgeni mnayemwogopa, mama, mjomba, mtu wa ofisi, aulize, "Na huyu ni nani?" Hapo mtajijua. Mtaje mwenzako kwa jina lake na haki yake, hata kama ulimi unatetemeka. Na aliyewapa ardhi, msimkaribishe kwake kama mgeni. Mkikosea, na mtakosea, usingoje moyo wa mtu upoe. Nenda asubuhi ile ile, na aibu yako usoni, ubishe hodi. Aibu ya kutazamwa ni ya kitambo. Ile ya kutokwenda nimelala nayo miaka arubaini na zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta nimeujenga kwa mikono yangu.

Haya, lete kichwa chako nikuombee. Mola awape mvua ya kiasi na udongo wenye huruma. Awape ulimi mwepesi wa kusema nimekosa, na miguu isiyorudi njiani. Azibariki zamu zenu, asiwepo kati yenu wa kula jikoni. Amin.

Na siku lori litakapokuja kuwapakia, lisimame hapa kwenye uchochoro, mnipandishe mbele na fimbo yangu. Mwaelekea Kaloleni, nyumba ya Kadzo nitaijua. Huenda asifungue, na ni haki yake. Huenda hata kile kikombe kimekwisha kuliwa na kutu. Nitabisha tu. Nitamwambia, "Lete, Kadzo. Leo ni mimi."