Shikamoo ya Bibi

Nyumbani kwetu Kwa Mrombo, wadada wa kumwangalia Bibi walibadilishwa kama makocha wa timu inayoshuka daraja. Wa kwanza aliondoka baada ya Bibi kumwita mwizi mbele ya muuza mkaa. Wa pili aliaga anakwenda Maji ya Chai kumzika shangazi yake, na naona mazishi bado yanaendelea.

Bibi ni mama yake baba. Alilima kahawa na migomba huko mlimani mpaka akaanza kupotea ndani ya shamba lake mwenyewe, ndipo baba akamleta kwetu. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau. Kweli akasahau watoto wake, akasahau kwamba babu alishakufa. Mimi hakunisahau. Nikirudi shule ananikagua juu mpaka chini.

"Mke mwenzangu, na miguu hiyo ya kuku, mume wetu alikupendea nini?"

"Wewe alikupendea mapishi, Bibi. Mimi sura."

Anacheka mpaka kanga inamdondoka.

Dada wa tatu alitoka Singida. Alikuwa binti ambaye tungeweza kukaa dawati moja, mvivu wa kufagia, simu haimtoki mkononi. Asubuhi ya kwanza alipoingia na bakuli, Bibi alisimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Dada akatugeukia sisi. Nani anapokea shikamoo ya mtu wa umri ule? Ni kujitafutia laana kwa mdomo wako mwenyewe. Mama akamwomba Bibi akae, akagoma. Baba ndiye aliyeelewa: Bibi alijiona bado bi harusi, na huyu aliyeingia ni mama mkwe wake. Mama mkwe asipoitikia, mkamwana hakai wala hali.

Ikawa hivyo kila mlo, chakula kinapoa na Bibi yuko wima. Mpaka siku moja dada, kwa kuchoka tu kushikilia bakuli, akasema, "Marahaba, mwanangu. Kaa ule."

Bibi akakaa. Akala loshoro yote, mahindi na maziwa mgando, akalamba na kijiko. Kuanzia hapo hata kuoga hakukuwa na vita. Dada anachati na kutoa amri: "Mwanangu, nyoosha mkono." Bibi anajibu, "Ndiyo, mama." Tukaanza kuona mashavu yake yanarudi.

Halafu akaja shangazi, dada yake baba, anayekaa Njiro na ni mzee wa kanisa. Jumapili baada ya ibada aliyasikia hayo kwa masikio yake.

"We binti, mama yangu anakuamkia na wewe unaitikia?"

"Shangazi, asipoitikiwa hali."

"Bora asile kuliko kudhalilishwa."

Dada akafungasha. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake kama vile amevinunua asubuhi hiyo.

Wa nne aliletwa na shangazi mwenyewe. Mama mtu mzima, amesomea kutunza wazee, koti jeupe, adabu tupu. Bibi akimwamkia, anasema, "Hapana, Bibi, mimi ndiye nikuamkie. Shikamoo." Bibi akaogopa. Mama mkwe akikurudishia shikamoo yako, amekukejeli, kuna kosa umefanya. "Nisamehe, mama," anasema, na hakai. Kwa hiyo nyumba ilijaa heshima, na sahani zilirudi jikoni zimejaa vilevile. Magauni yakaanza kumpwaya.

Jumapili nyingine shangazi akaamua kumlisha kwa mkono wake.

"Shikamoo, mama," Bibi akamwambia.

"Mama, ni mimi mwanao."

"Nisamehe, mama."

Shangazi akajaribu tena, akajibiwa vilevile. Akaweka bakuli chini, akampigia simu yule binti wa Singida. Binti alishapata kazi Ngaramtoni kwa bibi wa watu wengine. Alikataa kwa upole, na akamsalimia shangazi vizuri kabisa.

Shangazi akanigeukia. "Wewe si ndiye unaigiza watu humu ndani? Mwitikie."

"Shangazi, nikishakuwa mama mkwe, uke wenza wangu na Bibi ndiyo basi."

"Siku zote unachekesha watu. Leo acha."

Sikuwa nachekesha. Ila miguu ya Bibi ilikuwa inatetemeka kwa kusimama. Nikachukua bakuli.

"Marahaba, mwanangu. Kaa ule."

Akakaa, akala. Shangazi akafuta macho, akasema Mungu ni mwema. Kuhusu kudhalilishwa hakusema kitu.

Sasa nikirudi shule Bibi anasimama na kuniamkia, nami, mtoto wa kidato cha tatu na begi mgongoni, namwambia akae. Juzi hakukuwa na mtu mwingine sebuleni. Nikapandisha sketi kidogo, nikamwonyesha miguu yangu ya kuku, nikamuuliza mume wetu alinipendea nini.

Akainamisha kichwa.

"Sijui, mama," akasema.