Sahihi Aliyoikataa Bisibisi

Mdogo wangu tunamwita Bisibisi, maana tangu darasa la tano hakuna redio wala kitasa cha nyumbani alichokionea huruma. Mimi niliishia la saba. Yeye akafika chuo, uhandisi wa mitambo, na sasa alikuwa mwaka wa mwisho, msichana peke yake katika kundi moja na wanaume wanne. Kazi yao ilikuwa kubuni mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi kwa ajili ya akina mama, waiunde wenyewe, kisha waandike ripoti. Sahihi ya mmoja ikikosekana, ripoti haipokelewi.

Siku moja kabla ya kuikabidhi akaniita karakana ya chuo.

"Dada, njoo uzungushe. Njoo na mtoto."

Nikaenda, mwanangu mgongoni. Mashine ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, inapendeza kweli. Nikashika mpini. Mzunguko wa kwanza tu, kiwiko changu kikarudi nyuma kikagonga mguu wa mtoto. Akalia. Nikajaribu polepole, kikagonga tena.

"Dada, mweke mtoto chini kidogo," kiongozi wa kundi akasema kwa upole.

Nikatazama sakafu: vipande vya chuma, mafuta, nyaya.

"Nimweke wapi, kaka? Na nyumbani nitamweka wapi?"

Mwenzake akacheka. "Kompyuta imekubali vipimo vyote."

"Kompyuta ilizaa lini?" Bisibisi akamuuliza.

Kumbe walipima mikono yao wenyewe, kisha wakaandika kwamba mashine imejaribiwa na akina mama. Bisibisi alisema tangu mwanzo kwamba akina mama hufanya kazi na mtoto mgongoni. Wakamwambia aandike kumbukumbu za kikao.

Kiongozi akamsogezea ripoti na kalamu. "Tia sahihi. Unataka tufeli kwa ajili ya kiwiko?"

"Sitii."

"Miaka minne hii yote!"

"Ndiyo hiyo miaka minne. Nimeisoma ili nije kuandika uongo? Mama aliyejaribu ni huyu hapa. Andika yaliyompata."

Mdogo wangu akikasirika hapigi kelele. Alikunja mikono ya ovaroli, akachukua msumeno wa chuma, akaanza kuukata mpini.

"Umechanganyikiwa!" kiongozi akashika kichwa. Lakini hakumnyang'anya. Mpini ukawa unacheza, msumeno unateleza, mpaka yule aliyecheka akaja kuushikilia.

Waliufupisha, wakauhamishia mbele ya kifua. Ukawa mzito, ikabidi waongeze gurudumu la kuusaidia. Siku tatu zikaisha. Nilipoujaribu tena, mtoto alisinzia. Ripoti ikaandikwa upya, naye akatia sahihi.

Kwa kuchelewa walikatwa alama kumi. Kiongozi akakosa daraja la kwanza, na Bisibisi naye akalikosa, kwa alama mbili. Kiongozi huyo hamsalimii Bisibisi mpaka leo. Nikamuuliza mdogo wangu kama anajuta.

"Anune hata mwaka," alisema. "Mkewe akijifungua, mashine nitampelekea mwenyewe."