Siku Askofu Polikarpo Alipompokonya Askari Sahani

Sikumpiga. Huyo anayewaambia kwamba Deo nilimpiga, yeye alikuwa nje anavuta sigara. Mimi nilimpokonya sahani tu, na kumpokonya mtu sahani siyo kumpiga, ingawa nakubali, ukiwa umevaa kofia ya askofu na ndevu za pamba mbele ya jumuiya nzima, aibu yake ni ileile, na mpaka leo ninayo.

Mnajua jumuiya yetu ya hapa Stratford, London, somo wake ni Mtakatifu Polikarpo, kama jumuiya ya kwetu Mbamba Bay (mkidhani ni bahati, ni mimi niliyebishana na kikao kizima mpaka wakachoka wakakubali). Kule nyumbani kila sikukuu yake babu ndiye alikuwa anamwigiza, yule askofu mzee wa Smirna, na mimi nilikuwa napenda pale askari wanapokuja kumkamata, yeye badala ya kukimbia anawaambia karibuni mle kwanza, anaandaa meza, anaomba wamwachie saa moja tu ya kusali, halafu anatoka nao kwenda kuchomwa moto kwa kukataa kumkana Kristo. Na babu alikuwa analeta chakula cha kweli, ugali na usipa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, sisi watoto tumekaa kwenye mkeka tunanusa, tunaomba askari washibe mapema.

Babu alipofariki sikwenda kumzika, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zimekaa Croydon, ofisi ya uhamiaji (niishie hapo, nitakasirika upya). Kwa hiyo mwaka huu nikasema Polikarpo ni mimi, na bibi ataangalia kwenye simu, aone kwamba hata huku mzee kakumbukwa. Mama Koku, mwenyekiti wetu, akasema chakula tuigize, sahani tupu zinatosha. Nikakataa. Hapo ndipo nilipojiponza, maana nilikuwa na pakiti moja ya mwisho ya usipa, alioanika babu kwa mikono yake, nimeitunza kama hati ya shamba, nikaipika yote.

Siku yenyewe ukumbi wa kanisa umejaa, Mama Koku kainua simu, bibi yumo na kilemba chake cha Jumapili. Askari wakaingia, Deo mbele na upanga wa boksi. Nikasema kwa sauti ya babu kabisa, "Karibuni wanangu, kuleni kwanza." Deo akatafuna, akawageukia watu (huyu mtu akiona watu watano lazima achekeshe), akasema, "Jamani, ndiyo maana wanamchoma. Askofu gani anatulisha mchanga?"

Ukumbi ukacheka, mpaka padri akacheka, na Kiswahili hajui. Mimi nikaliona lile kaburi la babu ambalo sijawahi kulikanyaga, Smirna nikaisahau, nikaishika sahani. "Lete. Lete hapa, huwastahili hao." Deo akadhani naigiza, akang'ang'ania, nikavuta, akaachia, usipa wakaruka, wengine kwenye ndevu zangu, wengine mapajani kwa padri, na mimi chini, kofia imeniziba macho. Binti wa Mama Koku, miaka sita, akauliza kwa sauti, "Mum, did the bishop do that?" Yaani, askofu wa kweli naye alifanya hivyo?

"Hapana mama," Mama Koku akamjibu, simu bado juu. "Yeye aliwalisha."

Kwenye simu bibi akasema taratibu, "Mjukuu wangu, na babu yako walikuwa wanamtania hivyohivyo. Mchanga, mchanga, kila mwaka. Alikuwa anacheka, anawaongezea chakula."

Mimi nilikuwa nakumbuka harufu tu. Nikainuka, nikakwangua sufuria, nikampakulia Deo waliobaki, akala wote. Halafu nikapiga magoti kwa ile saa ya sala, na sikuigiza, nilimsalia babu sala zote ambazo ningesali pale kaburini, muda mrefu mpaka askari wakakaa chini na Mama Koku akaninong'oneza kwamba ukumbi mwisho saa kumi.

Uaskofu siutaki tena, mwakani nitabeba upanga wa boksi na nitakula nitakachopewa. Lakini wewe unayenicheka, pakiti ya mwisho ya marehemu wako, mtu anaiita mchanga na bibi yako anasikia: sahani ungemwachia?