Mkwe, Mama na Seli Zinazojiua

Mama yangu alikubali kupasuliwa kichwa, akakubali mionzi Dar es Salaam, akakubali hata wali wa hospitali, lakini kukaa nyumba moja na mkwe wake kulimshinda kabisa. Sisi Wagogo, tena wale wa zamani kama yeye, mama mkwe na mkwe hawazoeani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka ajifanye anatafuta kuni. Sasa daktari alikuwa amemtoa uvimbe kwenye ubongo, si wote, akasema asirudi kijijini, akae mahali penye hospitali karibu. Mahali penyewe ni kwangu, Miyuji, pembeni mwa mji. Na kwangu kuna mume.

Basi tukatundika kitenge kwenye mlango wa chumba chake, maisha yakaendelea. Kila asubuhi mume wangu, mtu wa Songea ambaye mila zetu alizikuta ukubwani, alilisalimia pazia: "Shikamoo mama." Ndani inatoka sauti: "Mwambie mkwe, marahaba." Nami nimesimama katikati na birika mkononi, natangaza: "Marahaba!" Jamani, walikuwa wanasikiana mpaka kikohozi! Lakini ilibidi nipeleke na kurudisha, nisipofanya hivyo mama ananyamaza siku nzima.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tulikuwa tunachagua sabuni kwa harufu. Mitumba imejaa, soda zimejaa, na maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa mjini. Vidonge vya mama viliagizwa nje na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la namna hiyo. Aliniita binti, akanionya nisivifungue wala kuvishika ovyo. Mama alitakiwa ameze dozi moja, apumzike wiki kadhaa, ameze nyingine. Daktari alilisema waziwazi: akiishia njiani, masalia ya uvimbe yatakua tena, na safari hii hakuna wa kumpasua.

Dozi ya kwanza ilimtapisha mpaka nikalia mimi. Alipopata nguvu aliuliza swali la haki kabisa: "Hiyo dawa ikifika huku kichwani inafanya nini?" Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga chapa ofisini, nitajulia wapi? Nikamgeukia mume wangu, mwalimu wa baiolojia.

Weee! Mwalimu yule ukimgusia seli hana breki. Alisogeza kiti mpaka karibu na pazia, akaanza somo.

"Mwambie mama, kila chembe ya mwili ina maagizo yake ndani, nyuzi mbili zimeshikana kama zipu. Chembe ikitaka kuzaana, zipu inafunguka. Uvimbe ni chembe zinazozaana bila adabu. Dawa inaingia na damu, inapenya mpaka kwenye ubongo, inaigandisha ile zipu."

"Amesema zipu," nikasema.

"Nimesikia zipu," mama akajibu. "Muulize, halafu?"

"Halafu chembe inajaribu kuzaana, inashindwa. Ndani yake kuna mlinzi. Anakagua, anaona maagizo yameharibika, hayashoneki. Basi anatoa amri." Hapo mume wangu alisimama, sijui alijiona yuko mbele ya kidato cha nne. "Chembe inajiua! Inasinyaa, inajikatakata yenyewe vipande vidogo, jirani zake wanaimeza. Dawa hailipui kitu, mama. Seli zenyewe zinajiua!"

Ndani mama akajigeuza kitandani. Kisha: "Mwambie mkwe asante. Hiyo dawa simezi tena."

Nilidhani anatania. Hatanii! Mama alikuwa mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kila Jumapili, na kijijini kwetu aliyejiua alizikwa bila kengele na bila mchungaji. Alilieleza kwa utulivu, na hilo ndilo lililonitisha. "Mimi nife kwa ugonjwa, sawa. Lakini kichwani mwangu hakiingii kitu kikahubiri kujiua. Nitamwambia nini Mungu?"

Nilibembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Nikamgeukia mume wangu jikoni. "Ungesema zinakufa tu, ungepungukiwa nini? Ulikuwa unamsahihishia mtihani?" Maskini, hata chai hakunywa. Siku ya dozi ya pili ilikaribia, ikafika, vidonge vipo mezani, mama ameupa ukuta uso. Niliogopa. Niliona kabisa namzika mama kwa sababu ya somo la baiolojia.

Jioni ile mume wangu alirudi kwenye kiti chake, safari hii kwa sauti ya chini. Hata hakuniambia nimwambie.

"Mama, mkono wa mtoto tumboni unaanza kama mwiko. Vidole havipo, pamejaa nyama. Halafu chembe za katikati zinapewa amri ileile, zinakufa kwa utaratibu, vidole vinaachana. Hakuna dawa, hakuna daktari, hakuna aliyemfundisha mtoto. Mimi sijui dini kama wewe. Lakini amri hiyo hatukuiweka sisi. Chembe za uvimbe zimekataa kuitii, dawa inazikumbusha tu."

Tukasubiri. Nilisikia kitanda kinalia, halafu kandambili. Pazia likavutwa, mama akasimama pale, kichwa wazi, nywele zimenyonyoka, kovu linaonekana lote. Mume wangu akainamisha macho haraka.

"Niangalie, mkwe," mama akasema. Mimi hakuniona hata kidogo. "Kuna zitakazokataa kufa hata na dawa?"

Nilimkonyeza mume wangu. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Sote tulikuwa tumemwambia mama atapona, manesi, mchungaji, mimi, jirani anayeleta uji.

Akainua macho. "Zipo, mama. Nyingine zinajirekebisha, dawa inapita bure. Ndiyo maana tunarudia dozi. Na huenda zikabaki."

Nikajisemea, ndoa imekwisha.

Mama akaliachia pazia. "Tangu nitoke Dar," akasema, "wewe ndiye wa kwanza kunijibu." Akanigeukia mimi. "Umesimama nini? Lete maji."

Alimeza zote siku ile, na za safari zilizofuata, anatapika, ananitukana, anameza. Zilizokataa zilikuja kurudi, kweli. Lakini zilichelewa. Kabla ya hapo mama alikwenda kanisani Kikuyu, upande wa pili wa mji, kwa miguu yake, akalima karanga nyuma ya nyumba, akamlea mwanangu mpaka anaanza shule. Mwishoni, mkono wake wa kulia ulipokufa na kikombe kikawa kinamponyoka, niliketi pembeni yake na uji nimnyweshe. Akafunga mdomo. Nikadhani hataki kula. Akageuza kichwa taratibu kuelekea sebuleni, akamwita mkwe wake aje amshikie kikombe.