Drienie Aikodolea Nyota Nyekundu

Drienie Visagie alikuwa mwoka biskuti katika mji mmoja mkavu wa Karoo, Afrika Kusini, mjane mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: nyota nyekundu iitwayo R Carinae. Ni nyota jitu, na jitu hilo huvimba na kusinyaa, huku mng'aro wake ukipanda na kushuka kwa miezi kama kumi, kisha linaanza upya.

Watazamaji wa majumbani huilinganisha na nyota mbili jirani ambazo mng'aro wao unajulikana, wakakisia iko wapi kati ya hizo, wakatuma namba. Wataalamu wa kituo cha nyota mlimani huunganisha makisio ya wengi na kuona jitu linavyopumua. Sasa kila mara namba za Drienie zilionyesha nyota inang'aa zaidi ya walivyoiona wenzake. Nomvuyo, mtaalamu aliyezipokea, alimpigia simu kwa upole: akikosea tena, wataacha kuzitumia. Drienie alilia, akakasirika, kisha akampelekea biskuti jirani na mtazamaji mwenzake, Oom Faan, yaani Mjomba Faan kwa Kiafrikana, ili amsaidie.

"Kwani unaiangaliaje?" Oom Faan akauliza, mdomo umejaa.

"Vizuri tu! Naikodolea mpaka machozi yanitoke."

"Ndiyo hapo sasa, Tannie!" alisema, akimwita Shangazi kama mtaa mzima. "Nyota nyekundu haikodolewi. Ukiikazia macho inazidi kung'aa humo humo machoni mwako, yenyewe huko juu haina habari. Itupie jicho, toa. Kama unavyomchungulia mchungaji anapokuja na wewe kanisani hujaonekana."

"Na wewe leo utaipa ngapi?"

"Wee! Hatuambiani mpaka umetuma. Unataka kuniibia jicho?"

Giza lilipoingia tu, Drienie aliinama kwenye darubini uani. Akatupa jicho, akatoa. Akarudia. Nyota ilikuwa hafifu kuliko alivyowahi kukubali. Roho ikamuuma, maana alishatamani sana iwe imeanza kupanda, na kuikazia macho kidogo tu kungetosha. Lakini kukosea leo ni kufukuzwa. Akatuma ile namba hafifu chapuchapu, kabla moyo haujageuka.

Hakukaa sana, simu ikalia.

"Tannie Drienie, leo umelingana na wenzako kabisa," Nomvuyo alisema. "Umebadilisha darubini?"

"Nimebadilisha adabu, mwanangu."

Nomvuyo akaangua kicheko. "Basi tuko pamoja. Endelea kututumia."

Drienie alipiga ukelele wa furaha, mbwa wa mtaa mzima wakamwitikia. Kichwa cha Oom Faan kikachomoza juu ya ua.

"Wamekubakisha?"

"Wamenibakisha!"

"Hongera! Sasa nenda ndani, baridi hii itakuua."

"Siendi ng'o. Namba imeshaenda, nani atanizuia?"

Akavuta kiti, akajifunga blanketi, akaikodolea nyota yake bila kupepesa, mpaka ikamwakia nyekundu kama kaa la moto.