Majagi Matatu ya Asubuhi

Injini ya boti haimalizi maji. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia yeyote anayekuja kujifunza kwangu. Maji yake huzunguka ndani, yakachukua joto, yakapozwa, yakarudi. Ukiona unaongeza, jua kuna mahali yanapovuja. Usiogope, mahali hapo panatafutika. Mimi nililielewa vizuri jambo hili nikiwa nimechelewa.

Aliyenifundisha ufundi alikuwa mwendesha mashine wa boti moja ya mbao pale Karema, kando ya ziwa, yenye injini ya dizeli iliyotolewa kwenye lori. Nilimfuata nikiwa kijana kutoka Litapunga, kwetu kwenye mashamba, sijui hata kuogelea, akawa ananiita mtoto wa mahindi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, alichota jagi moja la maji ya ziwa, akainama juu ya tangi dogo la injini na kumimina, akisema, "Kunywa, mzee." Abiria walicheka. Ziwa letu halina chumvi, tunalinywa sisi wenyewe. Nani angeona kosa kumnywesha mzee? Nikajifunza hivyo hivyo.

Miaka ikapita. Nilikuwa na kibanda changu mjini, Kashaulili, natengeneza mashine za kusaga na pampu, mwalimu wangu aliponipigia simu.

"Mashine imekamata, haizunguki tena," alisema. "Na kuna mama amefariki. Njoo uniambie kama ni mimi."

Nilipofika mwaloni, boti zinakotia nanga, alinieleza kwa kifupi. Walikuwa wamempakia mama mgonjwa wa homa kutoka kijiji cha kusini, pamoja na mume wake, waje Karema apande gari la hospitali. Katikati ya safari injini ikanguruma vibaya, ikatoa harufu ya kuungua, ikasimama. Walielea mpaka kesho yake, wavuvi walipowakuta na kuwavuta hadi Karema. Mama alikuwa ameshakata roho.

"Bomba nililishika," aliniambia, akinionyesha kiganja. Kipimo cha joto cha boti ile kilikufa zamani. Yeye alipima kwa kushika bomba la maji. "Halikuwa la moto. Uvuguvugu tu."

Bomba lenye maji ya moto huunguza mkono. Bomba lisilo na maji halina cha kuunguza. Kiganja chake kilimwambia mambo ni salama kwa sababu maji yalikuwa yameshakwisha.

Nilijua anachotaka kusikia, nami nilikitaka pia. Kama ni gasketi ya silinda hedi iliyokatika ghafla, au hedi yenyewe, kile kifuniko cha juu cha injini, kupasuka, basi ni ajali. Hakuna binadamu angejua asubuhi ile. Nikaanza huko. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili: nyeusi, haina maji. Maji yakiingia kwenye oili huwa kama chai ya maziwa. Tukafungua hedi, naye akishika spana kama zamani, bila utani. Gasketi nzima. Hakuna ufa. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye silinda, lakini huo ulikuwa mwisho wa ugonjwa, nami nilitafuta ulikoanzia.

"Angalia tena," alisema.

Nikaangalia tena. Kisha nikapapasa chini ya injini, kwenye mbao za boti, nikitafuta alama ya mvujo. Pakavu.

Ikabaki sehemu moja. Katika boti maji ya injini hupozwa ndani ya mtungi wa shaba wenye vijibomba vyembamba. Maji ya ziwa hupita ndani ya vijibomba, ya injini yanavizunguka nje, bila kugusana, kisha ya ziwa hurudi ziwani. Niliufungua mtungi ule, nikaziba matundu ya upande wa maji ya injini, nikabakiza moja la kuunganishia pampu ya baiskeli. Tukauzamisha kwenye beseni, kama mtu anayetafuta pancha.

"Pampu," nikamwambia.

Alipampu. Kiputo kimoja kikatoka kwenye mdomo wa kijibomba kimoja. Kikafuata kingine. Kisha mstari mzima.

Aliacha kupampu. "Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako," alisema. "Usinifiche."

Nikamweleza. Kijibomba kilitoboka tundu la kuingia sindano. Injini ikipata moto, maji yake husukumwa kupitia tundu lile, yakachanganyika na maji ya ziwa yanayotoka, yakamwagika ziwani. Maji meupe ndani ya maji meupe. Tungetumia yale ya dukani ya kupozea injini, yenye rangi ya kijani, mtu angeyaona ubavuni mwa boti.

"Tundu kama hilo huanza ghafla?"

"Hapana, mzee wangu. Hukua pole pole."

Alikaa juu ya hedi iliyofunguliwa. "Mwaka jana lilikuwa jagi moja," alisema. "Baada ya Pasaka, mawili. Wiki hizi za mwisho, matatu. Nikawa nawaambia abiria mzee siku hizi ana kiu."

Ningekuwa mahali pake, nami ningemimina. Ni kweli, na nilimwambia. Akatikisa kichwa.

"Ndiyo. Lakini siku ile nilimimina mimi."

Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akasema twende msibani, kwa ndugu za marehemu pale Karema. Njiani aliniomba niwaeleze mimi, kwa sababu najua kueleza. Nilikataa, na bado sijui kama nilimtendea haki.

Mume wa marehemu alikuwa amekaa mkekani na ndugu zake. Mwalimu wangu alisimama mbele yake, akasema yote, kuanzia jagi la kwanza. Hakutaja tundu la sindano mpaka mwisho.

Yule bwana alimsikiliza. "Asubuhi tuliyompakia, ulimimina mangapi?"

"Matatu."

"Nilikuona," alisema yule bwana. "Nilicheka."

Akainamisha uso. Desturi yetu, mgeni akifika msibani watu husogea, mkeka ukapata nafasi. Hakuna aliyesogea. Mwalimu wangu alingoja kidogo, kisha akakaa chini kwenye vumbi. Nami nikakaa kando yake, mpaka wafiwa walipokuja kutuambia kaburi limekamilika.